Posa ya Beki

Juzi nilikuwa Kibuta, kwenye ujumbe uliopeleka posa ya kijana mmoja wa Mbwawa niliyemfundisha kusoma. Mwenyewe alibaki nyumbani, kama ilivyo desturi, na mshenga ndiye aliyemsemea.

"Kijana wetu ni beki wa timu ya ligi kuu, mwaka wa nane sasa," alisema mshenga, akiiweka sawa kofia yake.

Baba wa binti akauliza, "Amefunga mabao mangapi?"

"Moja, mzee wangu."

"Miaka minane, bao moja?"

Mshenga, ambaye hajui kusema uongo, akainama. "Na hilo moja alijifunga."

Mzee alikisogeza kikombe chake pembeni, nasi tukatazamana tukijua posa inakwenda na maji. Ndipo shangazi wa binti, aliyeketi mkekani, akauliza kama kijana amewahi kutolewa kwa kadi nyekundu.

"Mara mbili, mama."

"Alibishana na mwamuzi?"

"Hapana. Aliinamisha kichwa, akatoka."

"Hata kama hakuwa na kosa?"

"Mara ya pili hakuwa na kosa kabisa. Alitoka vilevile."

Shangazi akamgeukia kaka yake. "Pokea posa. Wewe tukikwambia umekosea, unabisha toka asubuhi mpaka alasiri."

Posa ikapokelewa. Miaka yote nimewahimiza watoto watunze vyeti vyao. Sikujua kwamba kadi nyekundu nayo ni cheti kizuri, mradi isomwe na shangazi.