Nyekundu Nne Zilizopotea Kotel

Saa mbili asubuhi, Svilen Bakalov anavua glavu kwa meno, anapuliza vidole, kisha anakaa mbele ya kompyuta ya karakana ya mazulia mjini Kotel, Bulgaria. Theluji iliyoganda viatuni inayeyuka sakafuni. Nyuma yake, mashine ya kufumia imeshatandikwa nyuzi.

Rayna Kehayova, mfumaji wa miaka sabini na nne, amesimama mikono kiunoni.

"Umeniletea rangi zangu, au umekuja kuota moto?"

"Yote mawili, shangazi. Ila moto kwanza."

Svilen ndiye fundi kompyuta wa mji huu. Alikuwa fundi wa mabasi mpaka gereji ilipofungwa. Kompyuta alijifunza jioni, kwenye meza ya jikoni, kwa vitabu vya kuazima.

"Injini ikiumwa inakohoa," anasema. "Hii haikohoi. Lazima uiulize."

Kinachomleta leo ni zulia la marehemu mama yake Rayna, lililoanza kuoza kingo. Kabla halijaisha, Rayna alimtajia Svilen rangi zake uzi kwa uzi, naye akaziandika kwa herufi, kila rangi na herufi yake. Kihariri, yaani programu ya kuandikia maandishi, akakipanga kipake kila herufi rangi inayoisimamia. Nyumbani kwake zulia zima lilionekana kwenye kioo. Hapa karakanani, nyekundu nne zimegeuka moja.

Na sufu iliyopo inatosha zulia moja tu. Rayna aliitia rangi mwenyewe kiangazi, kwa mizizi aliyoichimba mlimani. Mashine, inayofuata mchoro wa kompyuta, ikifuma kosa, sufu hiyo imekwenda, na mizizi haichimbwi kwenye theluji. Kwa hiyo lazima akague mchoro kwanza, naye hakagui kwa herufi. Anakagua kwa jicho.

"Nyekundu ya moto, ya divai, ya tofali, na ya shavu la bibi harusi," anazitaja. "Hapa naona nyanya tupu."

Michoro ya karakana imehifadhiwa kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko mji wa Sliven. Kuifikia, wafumaji hutumia programu inayogawa dirisha moja la kuandikia amri kuwa vyumba vingi, na kuvitunza hata mtandao ukikatika. Kotel theluji ikianguka, mtandao hukatika. Bila programu hiyo, kazi hupotea.

Lakini ndani ya programu hiyo ndiko rangi zinakofia.

"Kihariri kikiamka kinauliza: niko ndani ya nani, na anajua rangi ngapi?" Svilen anaeleza. "Programu inajibu kwa jina la zamani, la enzi za skrini za rangi nane. Kihariri kinaamini. Rangi zako zipo, shangazi. Hawa wawili hawajaelewana tu."

"Kama mimi na yule Mjerumani."

Karakana nzima inacheka. Mjerumani huyo aliwahi kuuliza kama zulia fulani linauzwa. Rayna akatikisa kichwa kushoto na kulia, akimaanisha ndiyo, kama Mbulgaria yeyote. Mgeni akaomba radhi, akaondoka mikono mitupu.

"Hasa!" Svilen anasema. "Programu imetikisa kichwa, kihariri kikavaa kofia kikaenda zake."

Anafungua faili la mipangilio na kuandika mistari miwili. Wa kwanza unaipa programu jina linalostahili. Wa pili unairuhusu ipitishe rangi zote bila kuzipunguza. Anaufungua tena mchoro.

Nyanya tupu.

"Imekushinda?"

"Haisomi mipangilio mipya mpaka izimwe kabisa. Vyumba vyote."

"Hata vile vilivyo wazi tangu vuli?" Sauti ya Rayna inashuka. "Mama yangu yumo humo, Svilen."

"Nimemhifadhi mahali pawili. Nikikosea, nifume zulia kwa nywele zangu."

"Ulizo nazo hazitoshi hata soksi."

Anafunga chumba kimoja baada ya kingine. Kioo kinabaki cheusi. Anaiwasha programu upya, na kwanza anaiamuru ichore utepe wa majaribio. Jana utepe huo ulikuwa vipande vipande kama ngazi. Sasa nyekundu inayeyuka kuwa chungwa, chungwa inakuwa njano, na jicho halioni zilipoungana. Hakuna waya uliobadilishwa, wala kioo kipya. Ni mistari miwili tu ya maandishi.

Kisha linakuja zulia. Herufi zimejipanga maelfu kwa maelfu, na katikati yake wanachomoza ndege, mti na mpaka wa makomamanga, kila nyekundu mahali pake. Wafumaji wengine wanaacha walichokuwa wakifanya.

Rayna anasogea mpaka pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.

"Mama," anasema, polepole.

Halafu, ghafla: "Simama hapo! Bawa hili. Nilikwambia divai, wewe umeweka moto. Ungemchoma ndege wangu!"

Ni kweli. Mstari mmoja, herufi ya jirani. Jana kosa hilo lisingeonekana. Svilen analisahihisha, masikio yamemwiva kuliko zulia.

Anasema nyumba nyingi za Kotel bado zina mazulia ya aina hii makabatini, na nondo hawangoji mtu. Anataka kuzizungukia zote na Rayna majira ya kuchipua, yeye aandike, Rayna ataje rangi.

"Sasa tuwashe mashine, shangazi?" anauliza. "Na hayo mengine, utanitajia?"

Rayna haondoi macho kwenye kioo. Anatikisa kichwa, kushoto, kulia.

Svilen anawasha mashine.