Kutu Niliyoisema Mwenyewe

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati moja ya Mbwara, Mganga Mfawidhi alinikabidhi daftari na onyo: "Bwana tabibu, andika uliyoyaona. Uliyoyasikia yaache nje pamoja na ndala." Nililishika onyo hilo Mbwara, nikaenda nalo nilipohamishiwa Kiongoroni na hatimaye Kibiti, nikiwakaripia wote walioniletea habari za kusikia.

Kibiti ndipo alipoletwa Bi Mwanaidi, mkazi wa Kiongoroni aliyeteleza kwenye tope la mikoko akavunjika mkono. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa iliyopungua sana. Nilimweleza kwamba mwilini mna radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzake, ambazo zikizidi huharakisha kubomoka kwa mfupa. Aliniomba nirudie. Nikafupisha: "Ni kutu, mama. Mifupa yako inaliwa na kutu."

"Kama ya bati?"

"Kama ya bati."

Wiki kadhaa baadaye mkunga wetu aliniita. Zuhura, binti wa Bi Mwanaidi, alikuwa na mimba ya miezi sita na viganja vyeupe. Damu ilikuwa imepungua mno. Kujifungua katika hali ile kungeweza kumuua. Vidonge vya kuongeza damu alikuwa amevirudisha vyote.

"Vina chuma," alisema mama yake. "Chuma hushika kutu. Mie imenila, mwanangu isimle."

"Nani kawaletea uvumi huu?" nilifoka.

"Wewe, dokta."

Mkunga aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Nilivuta kiti nikaanza upya. Chuma cha vidonge hutengeneza damu. Radikali huru si kutu. Kwa kiasi chake ni wajumbe wanaopeleka taarifa ndani ya seli. Taarifa mojawapo huziamsha seli zinazobomoa mfupa mkuukuu, ili zile zinazojenga zipate pa kuweka mpya. Wajumbe wakizidi, ubomoaji huupita ujenzi.

"Kumbe wajumbe ndio walionizidi!" alisema Bi Mwanaidi. "Kama kitongojini kwetu." Akamgeukia binti yake. "Meza, mwanangu."

Zuhura alimeza mbele yangu, na hakuacha tena. Alijifungua salama hapo hapo Kibiti. Mkunga aliponionyesha kipimo cha damu yake kimepanda, niliketi kwenye benchi la wagonjwa kwa faraja.

Tangu hapo Bi Mwanaidi hakupokea maelezo yangu bila kuuliza, "Hilo ni lenyewe, dokta, au ni mfano?"

Nimestaafu. Mwezi uliopita tabibu aliyeshika nafasi yangu aliitazama picha ya nyonga yangu, akasema mifupa imekuwa kama muhogo mkavu. Nilimwomba aweke kalamu chini, nikamwuliza swali la Bi Mwanaidi.