Mkono wa Mama Mkwe

Pale mtaani kwetu Kimanga kuna watu wananiita Kumi na Mbili kwa Nane, na wengine wameshasahau kwamba nina jina la ubatizo, kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe jina hilo lilitoka wapi kabla hamjalisikia kwa jirani atakayetia chumvi (ingawa sijui ataitia wapi, maana mkasa wenyewe hauna nafasi ya kuongezwa kitu). Aibu ni yangu, siikatai. Nimechoka tu kuisikia ikisimuliwa na watu ambao siku ile walikuwa wamekaa nyuma kabisa.

Mimi ni muuguzi. Nilipata bahati ya kuchukuliwa kwenye utafiti wa mshipa mkubwa, ule unaotoka moyoni, ukapinda kifuani na kushuka mpaka tumboni, madaktari wanauita aorta, na kazi yetu ilikuwa kuwatafuta watu ambao mshipa huo umeanza kuvimba au kuchanika kwa ndani bila wao kujua. Kiongozi wetu, Dokta Nabintu, mama mmoja mkali aliyetoka Bukavu, alitupa sheria moja ya kushika: kila mtu apimwe presha mikono yote miwili, kwa sababu mshipa ukichanika, damu inaweza kufika vizuri mkono mmoja na kupungua mkono wa pili. Mtu ambaye mikono yake inatofautiana sana, hasa kama analalamika mgongo, anapelekwa haraka kwenye ekografia, ile mashine ya picha. Kazi ilikuwa rahisi, na mimi nikajiona nusu daktari, nikawa navaa koti jeupe hata siku ya kwenda sokoni kununua nyanya.

Tulikuwa tunapimia kwenye kibaraza cha kanisa letu. Kwa kawaida mwenzangu Furaha alipima akina mama na mimi nikapima akina baba, lakini siku hiyo Furaha alikuwa ametumwa Luvungi mpaka Alhamisi, nikabaki na foleni nzima peke yangu. Nikapima, nikaandika, nikapima, nikaandika, nikainua macho kumwita anayefuata, na aliyekaa kwenye benchi alikuwa mama mkwe wangu.

Hapa inabidi mnielewe. Kwetu mkwe hamgusi mama mkwe. Hamshiki mkono, hakai naye benchi moja, wakikutana njiani anampisha na salamu anaitoa akitazama chini. Nilikuwa nimemwoa binti yake miaka kumi na mmoja na sikuwahi kugusa hata ncha ya kitenge chake. Neema wetu alipozaliwa, mama mkwe alimlaza mtoto kwenye mkeka, akarudi nyuma, ndipo mimi nikamchukua kutoka kwenye mkeka. Ndivyo tulivyopendana, kwa mbali, na tulipendana kweli.

Sasa yuko mbele yangu, amegeukia ukuta, na mimi nina ule mkanda wa kupimia mkononi. Hakuweza kuondoka, maana waliokuwa nyuma yake wangesema anaogopa, na mimi sikuweza kumwambia aondoke. Nikamuuliza maswali kupitia kwa mama aliyekaa jirani naye. Akajibu kwamba mgongo unamuuma katikati ya mabega tangu siku aliyoteremka shambani na mzigo wa mihogo, na hilo nililiandika sawasawa (naomba mnihesabie hilo, maana ndilo pekee). Daftarini vikabaki visanduku viwili vya presha, kulia na kushoto. Chini yake kulikuwa na kisanduku cha tatu, kidogo, kimeandikwa "hajapimwa". Nilikitazama. Nikakumbuka jinsi mwezi uliopita Dokta Nabintu alivyomkaripia mwenzetu mmoja mbele yetu sote kwa sababu ya visanduku vya namna hiyo, nikajiambia Furaha akirudi Alhamisi atampima, nitasahihisha, hakuna atakayejua. Nikaandika presha ya mtu asiye na shida yoyote: kulia kumi na mbili kwa nane, na kushoto kumi na mbili kwa nane.

Mama mkwe akasimama, akainamisha kichwa kunishukuru, akaenda zake. Kesho yake alitutumia sahani nzima ya ndagala, dagaa wa ziwa letu.

Alhamisi Furaha alirudi na malaria akalala wiki mbili, na mimi nikasahau. Hapana, acheni niseme ukweli: sikusahau. Nililikumbuka jambo hilo mara moja, nikiwa naoga, nikaliacha liende na maji.

Miezi mitatu ikapita. Jumapili moja Dokta Nabintu akaja kuwarudishia watu majibu baada ya ibada, kanisa limejaa mpaka madirishani. Akachora mshipa ubaoni, akaeleza, kisha akasema anataka kumpima mtu mmoja mbele ya wote ili wengine waache kuogopa. Akachukua daftari langu kwa sababu lilikuwa safi kuliko yote, halina mahali palipofutwa, akanisifu kwa jina, na mimi nikasimama nikawapungia mkono (ndiyo, niliwapungia). Akasema anatafuta mtu ambaye mikono yake iko sawa kabisa, akapitisha kidole, akasoma kwa sauti, "Kumi na mbili kwa nane, na tena kumi na mbili kwa nane," akamwita mama mkwe wangu.

Vigelegele vikapigwa. Mama mkwe akapita mbele katika kitenge chake cha Jumapili, na mimi nimesimama kando ya ngoma za kwaya. Pale nilikuwa na nafasi ya kusema. Hatua kumi tu zilikuwa kati yangu na Dokta. Nikaanza kumwomba Mungu aisawazishe ile mikono, kama vile Mungu naye ni mwenzangu wa kazi.

Kulia ikasoma kumi na saba kwa kumi. Dokta akaitangaza, akatabasamu, akasema presha iko juu kidogo, labda ni woga wa kusimama mbele ya watu. Akahamia kushoto. Ikasoma kumi na moja kwa saba, na hiyo hakuitangaza. Akapima tena, akarudi kulia, akarudi kushoto, akamuuliza mama kitu sikioni, mama akaonyesha mgongo. 

"Ni nani alimupimaka huyu mama?" Dokta akauliza.

"Ni minye, Dokta."

"Mikono yote mbili?"

Na mimi, ndani ya kanisa, msalaba ukiwa juu ya kichwa changu, nikajibu ndiyo.

Mama mkwe wangu akageuka. Alidhani nimesahau, akataka kunisaidia, na alisema kwa sauti ya kujivunia kabisa: "Hapana, Dokta. Huyu hakunigusaka hata siku moja. Ni mukwe yangu, iko na heshima sana."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Kisha wakacheka wengi, na kijana wa kwaya akasema kumi na mbili kwa nane, wakazidi kucheka, na mama mkwe naye akatabasamu kwa sababu hakuelewa wanacheka nini. Kicheko hicho bado nakisikia.

Dokta Nabintu hakunigombeza. Alinifuata kando ya ngoma akasema polepole, "Uliandika mugongo inamuuma. Ungeandika tu hajapimwa, tungemutafuta."

Jumatatu ekografia ikaonyesha mshipa umevimba na ngozi yake ya ndani imechanika. Dokta alisema dawa za kushusha presha zikianzishwa mapema huwasaidia watu wengi wa namna hiyo, na kupumzika pia, ingawa hakuna awezaye kuapa kwamba yeye zingemsaidia. Miezi mitatu yote alikuwa akibeba mihogo kichwani. Akaanzishiwa dawa siku hiyohiyo, ikaamuliwa apelekwe Bukavu. Mke wangu, akifunga nguo za mama yake, aliniuliza swali moja tu.

"Uliogopa mama, ao uliogopa Dokta?"

Nikamshikia fundo la nguo alifunge. Jibu nalijua, na ninyi mnalijua: mila ilinipa tu mahali pa kujificha.

Jumanne asubuhi tukaondoka. Shemeji yangu Safari aliendesha, mama mkwe na mke wangu wakakaa nyuma, mimi mbele na mashine ya presha mapajani, kwa sababu hata siku hiyo nisingekaa naye kiti kimoja. Kabla ya kufika Luvungi mama alisema mgongo unapasuka. Akamshika binti yake, akalisema tena mara mbili, kisha akanyamaza, na mke wangu akaanza kumwita. Safari akasimamisha gari kando ya barabara.

"Mupime, shemeki," akaniambia. "Leo unaogopa nini?"

Nikateremka, nikafungua mlango wa nyuma, nikamshika mama mkwe wangu mkono wa kushoto. Ulikuwa mwepesi, bado una joto, na karibu na kiwiko alikuwa na kovu la moto wa jikoni ambalo sikuwahi kulijua. Nikafunga mkanda. Mashine ikajaza upepo, ikautoa, isiandike namba yoyote. Nikahamia kulia, ikawa vilevile. Nikarudi kushoto. Niliendelea hivyo mpaka mke wangu mwenyewe aliponyoosha mkono akaufungua mkanda.

Msibani nilikaa nje upande wa wakwe, mahali pangu pa siku zote. Hakuna aliyenifukuza, na ningefukuzwa ningeona nafuu. Kwenye utafiti niliondolewa, na walifanya haki. Bado ni muuguzi, na nimeapa kitu kimoja: nikishindwa kumpima mtu, kwa mila, kwa woga, kwa uvivu, kwa lolote, naandika "hajapimwa", halafu sitoki pale mpaka nimempata wa kumpima. Wakiniita Kumi na Mbili kwa Nane barabarani, naitika. Mke wangu tu ndiye hajawahi kuniita hivyo, na yeye ndiye mwenye haki ya kuniita.