Sanamu Aliyesimama Kama Kitinda

Watoto wa mtaa mzima walimwita Baba Midoli, na yeye aliitika kwa raha zake kama mtu aliyeitwa mheshimiwa. Kazi yake ilikuwa kuvalisha masanamu kwenye duka la nguo, lile la barabara kubwa lenye vioo kuanzia chini hadi juu. Sasa usidhani ni kazi ya kuvika gauni ukaenda zako. Thubutu! Sanamu huliambii nyanyua mkono likanyanyua. Unaung'oa ule mkono, unapitisha nguo, unaurudisha, unauzungusha mpaka ukubali. Halafu unazunguka nyuma na pini zako mdomoni, unabana hapa, unabana pale, mpaka nguo ikae kama sanamu lilizaliwa nayo. Mpita njia anaona gauni limemkaa mtu balaa. Kumbe huko nyuma ni pini tupu, mgongo wa nungunungu!

Na alikuwa na adabu zake. Kabla hajavua sanamu nguo, lazima afunike kioo chote kwa karatasi za kaki. Wenzake wa dukani walimcheka. "Baba Midoli, hiyo si ni plastiki tu?" Naye anajibu huku anabandika, "Hata plastiki ina heshima yake. Wewe ungependa uvuliwe barabarani?"

Nyuma ya karatasi hizo ndiko alikokulia Kitinda, mtoto wake wa mwisho. Mama yake alikuwa anaoka mikate, anatoka nyumbani jogoo hajafikiria kuwika, kwa hiyo baba mtu anamchukua mtoto, huyo, mpaka dukani. Basi Kitinda anakaa sakafuni na kopo la pini mapajani, anampa baba moja moja kama nesi anayempa daktari vifaa. Masanamu yote aliyafahamu na yote aliyagombeza. "Simama vizuri wewe! Unaaibisha familia!" Siku moja alilala ndani ya sanduku la masweta. Mteja akatia mkono atafute saizi yake, akashika mguu. Yule mama alipiga ukelele, na Kitinda akafumbua macho akamuuliza kwa upole, "Unataka rangi gani?"

Mzee mwenye duka alicheka mpaka akafuta miwani.

Enzi hizo nguo ya mtoto ilinunuliwa ya kukulia. Mzazi anaingia, anampima mwanawe kwa macho, anasema, "Nipe kubwa kidogo, ataikulia." Mikono inakunjwa, pindo linashonwa juu, na kila mwaka pindo linateremshwa kidogo. Baba Midoli aliwahi kumtambua mtoto barabarani kwa mstari wa pindo la zamani kwenye sketi, akajua huyu amerefuka, akafurahi siku nzima kama ni wa kwake.

Halafu mzee akachoka, akamwachia duka mwanawe, ambaye wote walimwita Bosi Mdogo. Bosi Mdogo hakuwa mtu mbaya, ni mtu wa simu tu. Kila kitu alikipima kwa macho ya simu: hiki watapiga picha, hiki hawatapiga. Akaleta sanamu jipya la saizi ya msichana wa sekondari, akaleta na gauni jeusi la kubana, refu upande mmoja, mgongo wazi mpaka kiunoni. Gauni la mtu mzima kabisa, ila limekatwa dogo. Juu ya kioo akabandika maneno makubwa ya dhahabu: USISUBIRI KUKUA.

"Mpe mkao," akamwambia Baba Midoli. "Asisimame kama mlinzi."

Na mkao ndio uliokuwa sifa yake. Wenzake huko mitaa mingine masanamu yao yamekauka kama nguzo, lakini yeye mikao aliiokota kwa watu wa kweli. Huyu amesimama kama mhasibu anayesubiri lifti, yule kama bwana harusi aliyesahau pete. Siku hiyo mikono yake ilifanya kazi yenyewe, akili ikiwa kwenye pini. Akaulegeza mguu mmoja, akakiinua kidevu, mkono kiunoni, kichwa kikaenda upande. Akatoka nje, akavuka barabara aangalie kwa mbali. Duh! Sanamu lilikuwa linapumua.

Wasichana walijaa. Wanatoka shule na mabegi mgongoni, wanajipanga mbele ya kioo, mkono kiunoni, kidevu juu, picha. Baba Midoli alikuwa anasimama ng'ambo ya barabara anavimba kwa fahari kama andazi kwenye mafuta.

Jioni moja Kitinda akaingia nyumbani na simu mbele kama tochi. Alikuwa na miaka kumi na minne sasa, miguu mirefu, kelele zile zile.

"Baba! Hebu ona. Marafiki zangu wote wananitumia hii. Huyu si mimi?"

Baba mtu akaangalia. Mguu umelegea, kidevu juu, kichwa upande. Ndivyo Kitinda alivyosimama kila asubuhi mlangoni mwa bafu akimsubiri kaka yake atoke. Chai ikampalia.

Mama akachungulia juu ya bega. "Ni wewe mtupu. Imebaki kufoka tu."

"Basi nalitaka hilo gauni," Kitinda akasema, anarukaruka. "Si limekaa kwangu kabisa? Kuna sherehe ya kina fulani mwisho wa mwezi. Baba, wewe unapunguziwa bei, usijifanye!"

"Hilo... hilo halikai vile," Baba Midoli akaanza kujiuma. "Unaona vile kwa sababu nyuma kuna pini. Bila pini ni gunia."

"Baba. Nani alikuwa anakupa hizo pini?"

Mama akacheka vibaya. Baba akamgeukia aombe msaada, lakini wapi. "Usiniangalie mimi," mama akasema. "Wewe ndiye uliyewavalisha mabinti wa watu. Leo limegonga kwako ndiyo unakohoa? Mkuki kwa nguruwe, mume wangu."

Hakulala vizuri, maskini. Na kesho yake, hajafungua hata mlango wa duka, msusi wa pale kona akamdaka. Ni mama wa mabinti wawili, mdomo wake unasikika mpaka stendi.

"Shemeji, wewe ni ndugu yangu au adui yangu?"

"Nimekosa nini tena, shemeji?"

"Wa kwangu ana kumi na tatu! Jana kanuna, hali, haongei, kisa gauni la kioo chako. Nikimkataza ananionyesha picha za wenzake. Eti mama, hujaona walivyoandika, usisubiri kukua? Mimi namlea wewe unamkuza! Kwa haraka ya kwenda wapi?"

Baba Midoli akaingia ndani, akakaa karibu na lile sanamu, akaliangalia kwa mara ya kwanza kama baba. Mtu yeyote angeona gauni. Yeye alimwona Kitinda, amesimama mbele ya barabara nzima, amevalishwa umri ambao bado hajafika, na aliyemvalisha ni yeye kwa mikono yake miwili.

Akaenda kwa Bosi Mdogo. "Bosi, lile gauni tulipeleke upande wa wakubwa."

"Linauza, Baba Midoli."

"Linauzwa kwa watoto."

"Watoto wana wazazi wao. Mzazi kazi yake kukataa, mimi kazi yangu kuuza."

"Na mimi je? Mchana niuze, jioni nikakatae?"

Bosi Mdogo akanyanyua macho kutoka kwenye simu. Alitaka kucheka, akaona mwenzake hacheki. Na Baba Midoli, kumbuka, ndiye aliyemvalisha yeye mwenyewe tai ya kwanza ya shule. Akapumua.

"Haya. Lipeleke kwa wakubwa. Na maneno yangu ya dhahabu?"

"Nayo kwa wakubwa."

"Wakubwa wameshakua, Baba Midoli!"

"Basi hayatawadhuru."

"Sawa. Lakini yule sanamu mdogo Jumamosi awe na kitu cha kusimamisha watu. Wasiposimama, jeusi linarudi pale pale, na hutaniambia kitu."

Nyumbani akamwambia Kitinda bila kuzunguka. "Hapana. Si kwamba ni baya, ni zuri, nimelibana mwenyewe. Ni la mtu mzima, na wewe bado."

Kitinda akajaa machozi. "Kwa hiyo mimi nifanane na sanamu tu, gauni nisilivae?"

Hilo lilimchoma, lakini hakurudi nyuma. "Kukufananisha nalo nilikosea. Ila hapana ni hapana."

Mlango wa chumbani ukabamizwa, vikombe vikaruka. Siku zilizofuata Kitinda aliongea na kila kiumbe ndani ya nyumba, hadi paka wa jirani, isipokuwa baba yake.

Ijumaa Baba Midoli akafunika kioo, akaingia stoo. Huko chini kabisa akakuta mzigo wa enzi za mzee: gauni la njano, kola nyeupe, mfuko wa mbele wenye ua, utepe wa kufunga nyuma. Akalinyoosha kwa pasi taratibu, akalivika sanamu, akaligeuza miguu ikae pamoja, mikono mbele. Akalitazama mpaka macho yakamwasha.

Karatasi ikasogea. Kitinda, kanuna, katumwa na mama kumletea chakula. Aliweka bakuli chini, akamwangalia sanamu. Akajaribu kununa zaidi. Akashindwa. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Baba! Huyu ana miaka saba!"

"Si amependeza?"

"Amependeza kama keki! Mtu mrefu hivi, utepe? Baba, akitoka hivi shuleni atahama mwenyewe."

Baba Midoli akaangalia tena. Ni kweli. Gauni lilikomea juu ya magoti ya plastiki kama aproni. Kola ilikuwa inamkaba. Akaona aibu kidogo, ile ya mtu aliyeshikwa anaongea peke yake.

"Nilimkumbuka yule wa zamani," akasema polepole.

Kitinda akaacha kucheka. Akasimama, akafungua utepe bila kuambiwa. "Najua. Na mimi humkumbuka, alikuwa hana mitihani. Lakini huyu hapa hapana, Baba. Kama vile jeusi hapana. Hiyo ya jeusi nakubali nusu, usifurahi sana."

Akaenda mwenyewe kwenye safu za nguo. Akarudi na jinzi, raba nyeupe, na shati kubwa la mistari alilolitoa upande wa wanaume. Baba akang'oa mikono, binti akapitisha nguo. Akakunja mikono ya shati hadi viwikoni, akaingiza upande mmoja tu ndani ya suruali, mwingine akauacha nje.

"Umesahau upande huu," baba akasema.

"Sijasahau! Ndivyo inavyovaliwa. Usiguse."

"Na asimame vipi?"

"Vyovyote, ila si kama mimi. Mimi sitaki tena kusimama barabarani."

Wakamkalisha juu ya boksi, miguu inaning'inia, kitabu mkononi. Baba Midoli akaketi kula chakula chake, akauliza huyu sasa ana miaka mingapi, na Kitinda akamwambia kumi na minne, huoni? Akaona. Zilikuwa siku nyingi hajaona.

"Na lile jeusi nitavaa lini?"

"Siku utakayoacha kuniuliza."

"Basi kesho siulizi."

"Toka hapa!"

Akachukua bakuli tupu, akatoka anacheka. Baba Midoli akainua ncha ya karatasi, akamwona anavuka barabara kwa ile miguu mirefu, anamsalimia msusi, anaruka dimbwi. Alitaka kumwita arudi kidogo tu, kwa sababu yoyote ile. Alitafuta sababu hakuipata. Akabaki ameishika karatasi mpaka kona ikammeza binti yake.