Buti za Segundo

Abelino Cayul alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na sehemu kubwa ya miaka hiyo aliimaliza akiwa amesimama ndani ya maji baridi. Ndiyo maana hata katikati ya barabara ya lami alitembea kama mtu anayepapasa chini kwa nyayo. Watu wa mji wake wa Junín walimtania kwamba anatafuta jiwe la kukanyagia, naye alicheka nao. Hakuwa msemaji. Wageni aliowaongoza kuvua walimpenda kwa hilo, kwa sababu mtu aliyetoka mbali kuja kusikiliza mto hataki kusikiliza maneno.

Uvuvi alifundishwa na kaka yake, Segundo, aliyemzidi miaka minne. Walianza na kopo tupu la maziwa: unazungushia mshipi, unafunga ndoano, unachomeka panzi, unarusha. Kisha siku moja mgeni mwenye ndevu, aliyepotea njia wakamwonyesha, aliwaachia ufito mwembamba wa kuvulia na kijisanduku cha nzi. Hazikuwa nzi hai bali ndoano ndogo zilizovikwa manyoya na nyuzi mpaka zikafanana na wadudu wa mtoni. Segundo alizifumua zote kwa siku moja ili aone zilivyofungwa, na mama yao akamwita mharibifu. Kufika Jumapili alikuwa ametengeneza ya kwake, kwa manyoya ya sikio la sungura. Abelino alimwona trauti, samaki wa maji baridi, akipanda polepole kutoka chini, akiikagua ile nzi kama mama anayekagua nyanya sokoni, kisha akafunua kinywa. Tangu siku hiyo panzi wa kwao waliishi kwa amani.

Segundo alimwoa Delmira, mfumaji wa mablanketi, mwenye shamba dogo kando ya kijito cha Quemado. Kijito chenyewe ni chembamba. Kuna mahali mtu mwenye nia anaweza kukiruka. Lakini mawe ya chini yalionekana kama yamepanguswa kila asubuhi, na trauti wake walikuwa wanene, wenye madoa mekundu. Nzi bora kuliko zote alizowahi kufunga Segundo ilikuwa na uzi mwekundu uliobaki kwenye kazi ya mkewe, naye akaiita Delmira.

"Leo Delmira amenitolea samaki wawili," alizoea kusema akiingia.

"Basi Delmira anataka mkubwa," alijibiwa kutoka jikoni.

Halafu likaja kamasi la mawe. Ndivyo watu wanavyouita ule mwani wa rangi ya kahawia unaofunika mawe ya mtoni kama godoro bovu, wadudu wakakosa pa kukaa na samaki wakakonda. Ukishaingia kwenye mto hautoki tena. Husafiri na viatu vya wavuvi. Tone moja la maji linatosha. Uliposhika mto mkubwa kule bondeni, buti zenye soli za sufu zilipigwa marufuku, maana sufu huwashika vizuri wavuvi kwenye mawe yenye utelezi lakini hukaa na unyevu siku nyingi. Kila mvuvi akaagizwa achovye viatu katika maji ya chumvi kabla ya kuingia mto mwingine.

Delmira hakungoja kuagizwa. Alikata pipa la plastiki katikati, akaliweka nje ya lango lake, akalijaza maji ya chumvi, na juu yake akapigilia ubao: CHOVYA AU RUDI. Daktari wa mifugo alichovya. Padri alichovya, na kanzu ikalowa. Mzee Tránsito, mchungaji wa mbuzi aliyeishi juu zaidi mlimani na kupita shambani pale kila Ijumaa kwenda zahanati kuchukua dawa zake za presha, alichovya pia alipokuwa akirudi kutoka bondeni, akadhani yameisha.

"Na huyu?" Delmira aliuliza, akimwonyesha nyumbu aliyempanda mzee.

"Huyu havui samaki, mama."

"Ana kwato."

"Ana hasira pia. Mchovye mwenyewe, mimi nitakuombea."

Nyumbu akamwagiwa ndoo ya maji ya chumvi miguuni, akapiga teke ndoo, na kuanzia hapo ikawa desturi ya kila Ijumaa.

Segundo alikufa mwezi wa Julai, akipasua kuni. Alikuwa amekaa juu ya gogo kama mtu anayepumzika, na Delmira alimwita mara tatu, supu ikipoa, kabla ya kutoka kumwangalia.

Mwishoni mwa Oktoba, theluji ya milimani ilipoanza kuyeyuka na mierebi ikatoa majani, Delmira alimwita Abelino. Alitoka kibandani na buti za marehemu, zile za zamani za soli za sufu, ambazo Segundo hakuzivaa popote ila Quemado.

"Chukua, shemeji. Ila nina ombi. Maji ya kwanza zitakayogusa yawe ya hapa. Jumapili ya kwanza ya msimu wa kuvua uje uvue bwawani kwake, pale kijito kinapopanuka, kwa nzi yake. Kabla ya hapo usizivae."

"Nitazivaa wapi, shemeji? Si zimekatazwa kote."

"Niahidi tu."

Aliahidi. Akaziweka nyuma ya gari ili siku hiyo asizisahau.

Alhamisi kabla ya Jumapili ile, Abelino alikuwa kwenye mto mkubwa na mgeni aliyesafiri siku mbili kufika. Adhuhuri upepo ulitulia, wadudu wakatoka, na trauti wakaanza kupanda juu kila mahali, kana kwamba mvua inanyesha kutoka chini. Ndipo soli ya buti yake ya kushoto ikabanduka yote. Alijaribu kuifunga kwa kamba. Aliteleza mara mbili, na mgeni alikuwa anamwita kutoka katikati ya mkondo. Abelino alikwenda kwenye gari, akazitazama buti za kaka yake, akajiambia, nusu saa tu.

Alitoka majini jua likishuka. Alizitia kwenye gunia, akakusudia kuzichovya kwenye chumvi na kuzianika akifika nyumbani. Ijumaa alikuwa na wageni wengine. Jumamosi alilala kama gogo. Jumapili asubuhi aliposimamisha gari mbele ya lango la Quemado na kulifungua gunia, soli zilikuwa bado na unyevu. Akajiambia kwamba pipa lipo palepale. Angezichovya kwa muda mrefu, na Delmira asingejua kitu.

Lakini Delmira alikuwa anamngoja langoni. Alikuwa amevaa aproni safi, na harufu ya maandazi ilitoka ndani ya nyumba. Kabla Abelino hajalifikia pipa, Delmira alizichukua buti mikononi mwake. Alizikumbatia kifuani. Alipitisha kidole gumba kwenye soli, polepole, moja kisha nyingine, akainamisha uso.

"Hizi usizichovye," alisema. "Hazijagusa maji tangu Julai."

Abelino alitazama pipa. Alichotakiwa kusema kilikuwa kifupi: nilizivaa Alhamisi. Lakini kusema hivyo ni kusema kwamba ahadi aliyompa mjane wa kaka yake haikutimiza hata wiki mbili. Maandazi yalikuwa yanapikwa. Macho ya Delmira yalikuwa yamelowa, na yalikuwa na furaha.

"Sawa, shemeji," alisema.

Aliingia bwawani na buti zile. Mrusho wa tatu, trauti mnene alipanda na kuimeza ile nzi yenye uzi mwekundu. Abelino alimleta taratibu, akamshika kwa mikono iliyolowa, akamwachia. Delmira, aliyekaa kwenye nyasi na kibuyu chake cha chai ya yerba, alicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu amzike mumewe.

Mwaka mzima Abelino aliomba, bila kumwambia yeyote anachoomba. Mara mbili alikwenda Quemado akisingizia kurekebisha uzio, akageuza mawe. Yalikuwa safi.

Novemba iliyofuata hayakuwa safi. Nyuma ya lile jiwe alilosimamia siku ile, aliona vishungi vidogo vya kahawia vikipepea kwenye mkondo. Akavibandua, akavisugua kati ya vidole. Vilikwaruza kidogo. Mkononi vilikuwa kama sufu iliyolowa, kama soli ya buti. Alikaa kwenye ukingo muda mrefu mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akaondoka kwa njia ya nyuma ili asipite mlangoni kwa Delmira.

Delmira aligundua mwenyewe baada ya wiki. Alikuwa anasuuza nyuzi zake kijitoni, kama mama yake na bibi yake walivyofanya, na nyuzi zikarudi zimebeba uchafu ambao haukutoka hata kwa sabuni. Hakulia. Alitafuta mwenye kosa, akampata upesi: ni nani anayekuja kutoka bondeni kila Ijumaa na mnyama mwenye miguu minne? Akanunua mnyororo na kufuli, akalifunga lango.

Abelino alikutana na Mzee Tránsito njiani, mbali, upande wa daraja. Mzee alikuwa anatembea kwa miguu akimvuta nyumbu, maana nyonga yake haikuvumilia tena kukaa juu ya tandiko kwa masaa mengi. Kuzunguka kwa njia ya daraja kulimwongezea nusu siku.

"Mwambie shemeji yako," mzee alisema akihema, "nyumbu wangu anaoga kuliko padri."

"Nitamwambia, mzee."

"Na amekasirika. Tangu lile lango lifungwe, hataki kuongea nami."

Abelino alijaribu kucheka. Mzee alikuwa ameegemea shingo ya mnyama, midomo yake imegeuka rangi.

"Dawa umechukua?"

"Ijumaa iliyopita sikufika. Nilichoka kabla ya daraja. Leo nitafika." Akatazama mlima nyuma yake. "Unajua kinachoniuma si njia, mwanangu. Miaka thelathini na sita nimenywa maji ya kile kijito. Aniambie mimi ndiye niliyekiua?"

Abelino alimpakia kwenye gari, akamfungia nyumbu kwenye mti, akampeleka zahanati na kumrudisha. Njia nzima mzee alizungumza habari za mbuzi. Abelino alipomshusha, aligeuza gari, akaenda moja kwa moja Quemado.

Delmira alikuwa kwenye mtambo wake wa kufumia, hakuna uzi mkononi.

"Shemeji," Abelino alisema akiwa bado mlangoni, kofia mkononi, "si Mzee Tránsito. Ni mimi. Zile buti nilizivaa mto mkubwa, Alhamisi ile kabla sijaja. Yangu ilibanduka soli. Ulipokataza nisizichovye nilikuwa najua, nikanyamaza."

Alisubiri apigiwe kelele. Alitamani apigiwe kelele. Delmira aliendelea kutazama nyuzi zilizotandwa mbele yake.

"Zilikuwa mbichi," alisema.

"Ndiyo."

"Nilizishika, Abelino. Nilipitisha kidole. Zilikuwa mbichi."

Abelino hakuelewa, kisha akaelewa.

"Miaka ishirini na nane," Delmira alisema, "kila akirudi alinipa buti mlangoni nikazianike, na kila mara nilizishika hivyo hivyo. Siku ile nilipogusa zile soli nikasema moyoni, ametoka mtoni sasa hivi. Kwa dakika moja tu. Sikutaka chumvi imtoe." Sauti yake ikakauka. "Nimekaa mwaka nikijidanganya kwamba ilikuwa jasho la mikono yangu. Halafu nikamfungia lango mzee wa watu."

Nje kijito kilisikika vilevile kama zamani. Kwa sauti, huwezi kujua kwamba maji yameugua.

Ijumaa iliyofuata walikwenda langoni pamoja. Delmira alifungua kufuli na kuutupa mnyororo kwenye nyasi. Abelino alimwaga maji ya zamani ya pipa, wakaliinua wawili, wakalihamishia upande wa ndani, kwa kuwa sasa hakukuwa na cha kuzuia kisiingie. Kilichobaki ni kuzuia kisitoke. Wakajaza maji, wakamwaga chumvi. Delmira alileta buti za Segundo. Alizishika kidogo, hakuzikumbatia, akazitumbukiza mwenyewe. Zilielea kwanza. Kisha zikanywa maji, zikatoa mapovu, zikazama.

Mzee Tránsito alionekana akishuka na nyumbu wake. Abelino alikuwa amempelekea habari mapema, lakini mzee alisimama hatua chache kabla ya lango, kama mtu asiyeamini macho.

"Nisamehe, mzee," Delmira alisema.

"Aliyetukanwa ni nyumbu," mzee alijibu. "Muulize yeye."

Delmira akafunika mdomo kwa kiganja, na haikujulikana kama anacheka. Mzee akalikaribia pipa. Akaona limehamishwa, akaona kilichomo ndani, akavua kofia.

"Sasa tunachovya tukitoka?"

"Tukitoka."

Mzee akainua mguu mmoja, akaushikilia ukingo wa pipa, akauchovya taratibu kando ya buti za marehemu, akiangalia asizikanyage. Kisha wa pili. Abelino akainama, akachota maji kwa ndoo, akaenda kumwosha nyumbu kwato, moja baada ya nyingine, na safari hii nyumbu hakupiga teke.