Mzee Aliyebaki Dukani
Mama alipokodi lile duka kuukuu la Mhindi mjini Kericho, nusu ya mtaa ilikuwa imefungwa na majani yameota kwenye paa. Tulipaka rangi tena na tena, lakini harufu ya ubani haikutoka ukutani. Mama akaanza kushona, wateja wakarudi, na majirani nao wakafungua milango yao.

Asubuhi moja mjane wa mwenye duka alikuja, akasimama mlangoni.

"Karibu ndani, mama," mama yangu alimwambia.

"Hapana. Mzee wangu bado anapima kitambaa hapo."

Aliinamia kaunta tupu kwa heshima, akaenda zake. Mama hakuweka cherehani pale kamwe, nami nilipopita nilinong'ona, "Samahani, mzee."