Mkungu Ulioinamia Kwetu

Nakumbuka siku niliyokata mkungu wa Ma Koku, mwanangu, na hadi leo nikiikumbuka naona aibu. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nimerudi likizo kijijini kwetu Bugomora kutoka shule ya bweni, Kiingereza kingi kichwani kuliko akili. Kule bwenini neno letu lilikuwa "sori". Ukimkanyaga mtu, sori. Hukumsikia mwalimu, sori. Unataka kupita, sori. Mwenzako kafiwa na baba yake, sori hiyohiyo, kisha tunakwenda kula. Nililipenda kwa sababu halikunigharimu kitu.

Asubuhi ile Mama alinituma nikate ndizi za mchana. Mpakani nikakuta mkungu mnono umeinamia upande wetu, umewekewa nguzo usianguke. Mgomba wenyewe ulikuwa wa jirani yetu Ma Koku, na nguzo alikuwa ameisimika yeye. Kila mtoto wa kwetu anajua kwamba mwenye nguzo ndiye mwenye mkungu. Hata mimi nilijua. Niliona tu uvivu kushuka hadi mwisho wa shamba letu, basi nikaukata.

Nilikutana naye njiani akitoka kisimani, ndoo kichwani, naye alikuwa ameshauona ule mgomba. "Sori, mama," nikasema, nikapita.

"Haya," akaitikia.

Ma Koku ndiye aliyenipokea siku niliyozaliwa, mwanangu. Kila jioni alikuja kwetu kumenya ndizi na Mama, wakitaniana mpaka chungu kiive. Jioni ile hakuja, wala ya pili, wala ya tatu. Mama akawa anamenya peke yake huku akitazama njia. Sikuwahi kumwona mpweke kiasi kile, na aliyemfanyia hivyo ni mimi.

Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyenihoji. Nikamweleza yote, nikajitetea kwamba sori nilishasema.

"Jana nimekusikia ukimwambia mbuzi neno hilo, alipokuzibia njia," akasema taratibu. "Sasa ndilo unalompa mama aliyekushika kabla yangu?" Akaendelea kuchambua maharage yake, kisha akasema, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama, mjukuu wangu. Nenda ukachutame."

Nikakata mkungu mkubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, nikajitwika, nikaenda kupiga magoti mlangoni kwa Ma Koku. "Shikamoo mama. Nimekata mkungu wako nikijua ni wako. Niliona uvivu. Kisha nikapita kana kwamba si kitu. Nisamehe." Machozi yakanitoka.

Akanitua mkungu kichwani. "Ule niliwawekea wakwe wa binti yangu Koku," akasema. "Wamekuja jana, nikawapikia viazi. Wamekula kwa adabu tu, maskini." Hapo akaanza kucheka, nami nikacheka na machozi yangu. Akaleta kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anachomwekea mgeni wa heshima, akanimiminia punje kiganjani. Tukatafuna. Jioni ile alikuja kumenya.

Nimesikia, mwanangu, ulivyomjibu dada yako wa Rugu mbele ya watoto wake. Nimesikia pia kwamba umemwandikia sori kwenye simu, naye hajajibu, nawe umenuna. Neno hilo silikatai, linamfaa uliyegongana naye mabega sokoni. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Uliyemuumiza mfuate kwa miguu yako. Litaje kosa lako kama lilivyo, usilipunguze wala kulipamba. Kisha kaa, umngoje, hata akinyamaza. Najua ni vigumu, maana magoti yangu hayajasahau.

Mungu akulainishie ulimi, akupe moyo wa kushuka, na akukutanishe na mlango ulio wazi. Mkungu huo hapo kizingitini nimeukata mwenyewe asubuhi, na kijana wa bodaboda anakungoja. Mpelekee dada yako. Akikuletea kahawa, nitafunieni na mimi punje moja.